Bi Utitiri Ahamia Usoni kwa Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa uso.
Uso wa nani?
Wa Nyani. Sasa tulieni niwaambie ulipatwa na nini.

Mwaka ule kipupwe kilivuma mpaka ngozi za wanyama zikapasuka. Wote wakachanga nazi, wakakamua mafuta, mtungi ukajaa. Nyani, kwa kuwa ana meno, akaukalia. "Nani anautaka?" Wote wakarudi nyuma.

Bi Utitiri akaenda. Ni mdogo huyo, hata vumbi humwita mdogo wangu. Ana wana saba, chakula chao ni mafuta tu, na siku mbili hawajatia kitu kinywani. Moyo ulimwuma, jamani!

"Shikamoo, babu Nyani. Naomba tone moja, wanangu wanakufa njaa."

"Marahaba. Toka!"

"Nusu tone?"

"Toka!"

"Basi nikae karibu, nikutazame tu ukijipaka."

"Hilo ruksa," akasema Nyani. Alipenda mno kutazamwa.

Akajipaka shavuni, pwaa! Akajipaka puani, pwaa! Bi Utitiri na wanawe wakapanda kidevuni, nyatunyatu, wakazama kwenye vinyweleo, wakala. Wakaja mashangazi. Wakaja mashemeji. Wakazaana.

Uso ukaanza kuwaka. Nyani akajikuna, kwaru kwaru! Ukawa mwekundu. Akausugua kwa mchanga, kwaru kwaru! Ukawa mwekundu pyu. Akaongeza mafuta apate kupoa. Wageni wakasema asante.

Wanyama wakacheka. "Kalewa huyo! Mbele na nyuma sawasawa!" Na maskini Nyani hajaonja tembo maishani mwake. Akajifungia, akalia kama mtoto. Bi Utitiri, akiwa pale puani, akamwonea huruma kweli.

"Babu, usilie. Ni mimi."

"Nikikupata nitakusaga!"

"Umejikuna weee, umenipata? Sikiliza. Hapa tumebanana. Gawa mafuta, kila mtu ajipake. Jamaa zangu watayafuata, nitabaki mimi na wanangu, nawe utapoa."

Nyani akagawa siku hiyohiyo. Utitiri wakatawanyika, huyu kwa Swala, yule kwa Sungura, wengine kwa binadamu. Uso wa Nyani ukapoa, ukabaki na wekundu kidogo tu. Wale waliomcheka wakajipaka mashavu, wakafurahi, hawana habari.

Ngano yangu imekauka. Tamu chukueni, chungu niachieni mwenyewe. Na funzo lake? Mgeni asiyealikwa asikaribishwe kamwe! Haya, nendeni nyumbani, kila mtu na mgeni wake.