Mishale ya Vidoleni mwa Bibi Kamado

Sogeeni niwasimulie, nanyi nitegeeni masikio! Katika visiwa vya Ryukyu, Bibi Kamado alifuma nguo za nyuzi za mgomba. Vidole vyake vilichorwa mishale kwa sindano na wino, kama wanawake wote wa kwao.

Siku moja zimwi likatoka baharini.

“Mikono gani hiyo? Ifiche!”

Bibi akafuma.

“Nasema ifiche!”

Bibi akafuma.

“Ifiche, au nakumeza!”

Bibi akasimama, akanyoosha vidole.

“Alinichora mama, naye alichorwa na mamake. Haya, itazame vizuri!”

Mishale ikachomoka, ikalifukuza zimwi. Kesho yake asubuhi, mishale yote ikarudi vidoleni, isipokuwa mmoja.

Wajukuu wakauliza, “Bibi, mbona kidole hiki kitupu?”

Akacheka. “Mshale wake bado unalikimbiza zimwi.”