Kitovu cha Mtoto wa Kibanano na Mapana

Hapo zamani, palikuwa na miji miwili mikubwa iliyotazamana, kati yake mto, na juu ya mto daraja la mawe. Sogeeni karibu. Aliye mbali asije akanisimamisha kesho njiani kuniuliza nilisema nini.

Mji wa kwanza uliitwa Kibanano. Huko ukuta mmoja ulibeba nyumba mbili. Ukikaanga samaki, jirani anakwambia kupitia ukutani kwamba umezidisha chumvi. Ukipiga chafya, "Afya!" inakujia kutoka nyumba ambayo hujawahi kukanyaga. Vichochoro vilikuwa vyembamba, hata wachukuzi wawili wakikutana na mizigo yao ilibidi mmoja arudi kinyumenyume, na ugomvi wa nani arudi ndio uliokuwa burudani ya asubuhi. Jioni ngoma huku, zumari kule, watani wanatupiana maneno kutoka paa hadi paa, na wauza kahawa wanapita katikati ya yote hayo bila kumwaga tone.

Mji wa pili uliitwa Mapana. Huko kila nyumba ilikuwa na ua wake, kila ua na ukuta wake, kila ukuta na lango lake. Barabarani ng'ombe kumi wangeweza kupita wameshikana mikono, kama ng'ombe wangekuwa na mikono. Miti ilikuwa mingi, hewa ilikuwa tamu, na mtu alitembea akisikia viatu vyake mwenyewe. Ukimwuliza mtu wa Mapana habari za jirani yake, anafikiri kwanza. Na jua linapokuwa la utosi, mji mzima unafunga malango na kupumzika. Wenyewe waliuita wakati huo saa ya kivuli, na kumbishia mtu hodi saa ya kivuli ilikuwa aibu kubwa.

Basi Mwanasha alikuwa mtu wa Kibanano, damu na mfupa. Mumewe, Faki, alikuwa mtu wa Mapana. Waliishi Kibanano kwa sababu Mwanasha aliapa kwamba Mapana atakufa kwa kusikia anavyotafuna. Na kila siku waligombana kwa mapenzi.

"Mji wenu ni chungu cha makande," Faki husema, "kila punje imeikalia mwenzake."

"Na wenu ni jamvi la harusi ambayo wageni hawajafika," hujibu Mwanasha. "Limetandikwa vizuri, halina mtu!"

Kupitia ukutani jirani hucheka. Faki huona haya, Mwanasha hufurahi.

Lakini miji hiyo, kwa ubishi wake wote, ilikubaliana jambo moja. Mtoto ni wa mahali kilipozikwa kitovu chake. Huko ndiko atakakokua mpaka ndevu zimtoke, huko ndiko atakakopewa kiwanja, huko ndiko atakakopata wa kumposea mke na wa kumchimbia kaburi. Mji wa pili ataujua kwa kupita tu. Na kitovu kisipozikwa kabla ya jua la arobaini kuzama, mtoto huyo hana kwao. Shikeni hilo, maana hadithi yote imefungwa hapo.

Ikawa siku moja asubuhi Mwanasha akashikwa na uchungu. Faki alifanya nini? Alifanya wafanyavyo watu wa Mapana. Alifunga mlango, akafunga na dirisha, akashusha na pazia. Kwao maumivu ya nyumba husitiriwa ndani ya nyumba. Uchungu ukazidi, mtoto hashuki. Mwanasha akajipapasa tumbo, akaelewa. Mtoto alikuwa amekingama.

"Faki, gonga ukuta!"

"Tuwasumbue watu, mke wangu? Subiri kidogo."

"Gonga!"

Faki akasimama katikati ya chumba na mikono yake, hajui aipeleke wapi. Mwanasha akajikokota sakafuni mwenyewe, akagonga ukuta mara tatu.

Kibanano, ukutani mara tatu ni roho ya mtu. Anayesikia haulizi. Kabla hajanyanyuka huupiga ukuta wake wa pili, na aliye huko naye hupiga wake, na mlio huo huuzunguka mji mzima upesi kuliko farasi. Ukamfikia Bi Mize, mkunga, upande wa pili kabisa wa mji, akikanda unga. Vichochoro vilikuwa vimejaa watu wa soko, basi watu wakambeba juu ya mapaa, mkono kwa mkono, mpaka wakamteremsha mlangoni kwa Mwanasha, unga bado vidoleni. Mlango ukavunjwa. Bi Mize akaweka mikono tumboni, akamgeuza mtoto taratibu, akinong'ona naye kana kwamba wanajuana.

"Sukuma, mwanangu. Sukuma, bibi wewe!"

Mtoto akatoka, wa kiume. Akanyamaza. Kisha akalia, na Kibanano nzima ikapiga vigelegele.

Mngefurahi, sivyo? Ngojeni.

Desturi ya Kibanano ni kwamba kila aliyegonga ukuta ana haki ya kumbusu mtoto. Basi wakaja. Chumba hakikuwa na dirisha kubwa kuliko sahani. Wakaja na ubani, wakaja na vyetezo, wakaja na vikohozi vyao, wakapeana mtoto kama wanavyopeana kata ya maji. Mwanasha alimwona mwanamke mmoja akikohoa kwenye ncha ya kanga. Alitaka kusema, jamani, basi. Aliona haya, maana mikono ile ndiyo iliyogonga. Bi Mize naye aliona, na Bi Mize ndiye aliyekuwa amemshika mtoto na kumsogeza apokee mabusu.

Siku hazikupita nyingi, kifua cha mtoto kikaanza kukoroma. Akaacha kunyonya. Kibanano ikajaribu kunyamaza ili alale, lakini ilijaribu kwa kelele: watu walitoka kila mlango kuambiana wanyamaze. Moshi wa jikoni za watu ukapita chini ya mlango kama kawaida yake.

Bi Mize akaweka sikio kifuani, akasikia zumari za mtaani tu.

"Hewa ya humu imekwisha kupumuliwa na watu," akasema. "Mpelekeni Mapana. Kuna mganga kule, Bi Riziki, ana mkono wa vifua."

Faki akatangulia alfajiri kwenda kuifungua nyumba ya marehemu baba yake, mwisho kabisa wa Mapana, aifagie na kuwasha moto. Mwanasha angefuata jioni, jua likipoa. Lakini kabla ya adhuhuri midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu. Mwanasha hakungoja jioni. Alimfunga kifuani akatoka mbio, akavuka daraja, akaingia Mapana jua likiwa la utosi.

Malango yote yalikuwa yamefungwa. Barabara nyeupe, ndefu, haina hata paka. Nyumba ya mumewe ilikuwa mbali, na ya Bi Riziki hakuijua. Kifuani mtoto alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine. Mwanasha alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua hata alipokuwa akijikokota sakafuni. Akafanya wafanyavyo watu wa Kibanano. Akauendea ukuta, akagonga mara tatu.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na bustani. Palikuwa na mipera, na majani, na kivuli. Nani atagonga ukuta wake wa pili? Mpera?

Akakimbilia ukuta mwingine, akagonga. Kimya. Akapiga yowe, "Jamani, mtoto!" Sauti ikaenda na barabara yote ile pana na haikurudi na mtu. Akarudi tena kwenye ukuta wa kwanza, akagonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, akisema, "Nifungulieni, nifungulieni, mtoto anakufa mikononi mwangu." Mtoto akawa halii tena. Na asiyelia ndiye wa kuogopwa.

Hapo komeo likalia. Lango likafunguka, akasimama mwanamke mrefu mwenye mvi. Alikuwa Bi Riziki mwenyewe. Hakuuliza jina. Alimchukua mtoto, akamnyonya makamasi puani kwa mdomo wake, akatema, akanyonya tena, akampiga mgongoni kwa vidole viwili. Mtoto akavuta pumzi.

Saa ya kivuli ilipokwisha, Bi Riziki akatundika tawi bichi langoni, na Mwanasha akaona jambo ambalo hakulitegemea. Mtaa mzima ulisimama. Waliokuwa wakitwanga waliweka michi chini. Mhunzi akaacha nyundo. Kuku wakafungiwa, bawaba za malango zikapakwa mafuta, watu wakavua viatu. Bi Riziki alihitaji kusikia pumzi ya mtoto. Sauti yake ikibadilika kidogo tu, amgeuze, ampe mvuke wa majani, amgeuze tena. Alikaa hivyo chini ya mipera usiku na mchana, na Mapana ikakaa naye. Mwanasha hakuwa amejua kwamba kimya kinaweza kufanywa na watu wengi kwa pamoja.

Waliweka chakula langoni wakaondoka. Hakuna aliyembusu mtoto. Hakuna aliyemwuliza Mwanasha jina lake, wala amelalaje, na nyakati nyingine alilia kwa sababu hiyo tu, hata Faki, aliyekuja alipopata habari, akiwa kando yake.

Mtoto akapona. Akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Ndipo Mwanasha akamshika Bi Riziki mkono.

"Bibi, siku ile ulinisikia lini?"

Bi Riziki hakuwa mwongo. "Ulipogonga mara ya kwanza."

"Ya kwanza!"

"Ilikuwa saa ya kivuli, mwanangu. Nilidhani ni ugomvi wa watu na nyumba yao. Kwetu hatuingilii. Nilisimama nimeshika komeo, nikikusikiliza."

Mwanasha alitaka kumpiga, na alitaka kumwangukia miguuni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpakata mwanawe.

Jua la arobaini likafika. Kibanano ikajaa upande wake wa daraja, watu wamekanyagana, wengine wamepanda juu ya kuta. Mapana ikasimama upande wake, kila mtu na nafasi yake, hakuna anayekohoa. Kila upande ulikuwa umechimba shimo dogo. Mwanasha alisimama katikati, mtoto begani, kitovu kimefungwa kwenye pindo la kanga yake. Sheria ni kwamba mwenye pindo ndiye anayeamua, na hakuna mwingine.

Bi Mize akasema, "Nilimkuta amekingama. Mji mzima ulinibeba kumfikia. Bila Kibanano, huyu hangezaliwa, na wewe mwanangu tungekuwa tumekwisha kukusomea hitima. Kitovu ni chetu."

Bi Riziki akasema, "Nilimkuta hapumui. Mji mzima ulinyamaza nimsikie. Bila Mapana, mlichokizaa mngekizika. Kitovu ni chetu."

"Ulisikia anakufa ukashika komeo!"

"Na nyinyi ndio mliomuua kwa mabusu!"

Kibanano ikanguruma. Mapana haikusema kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko ngurumo ile.

Kijana mmoja juu ya ukuta akapiga kelele, "Kikateni katikati!" Wazee wa pande zote mbili wakamwambia afunge mdomo. Nusu kitovu ni nusu mtu.

"Tutamtobolea dirisha," wakasema watu wa Kibanano. "Tutaacha lango wazi," wakasema watu wa Mapana. Mwanasha aliwatazama. Alijua wanasema kweli leo. Alijua pia kwamba dirisha la Kibanano hufunguka kwenye jiko la mtu, na kwamba mtu wa Mapana hupita kwenye lango lililo wazi akalifunga kwa adabu.

Faki akasogea. "Mke wangu, siku ile mimi nilifunga mlango. Sina mdomo. Lakini kule anapumua."

"Atapumua," Mwanasha akajibu, "na akiacha kupumua, nani atajua?"

Bi Riziki akaushika mguu wa mtoto kwa upole. "Kifua hiki kitarudia, mwanangu, kwa miaka mingi. Kikirudia kwenye moshi na mikono ya watu, sitaweza kukuahidi kitu."

"Kitarudia, ni kweli," akasema Bi Mize, na sasa alikuwa analia. "Na kikirudia saa ya kivuli, nyuma ya ukuta, umegonga na mpera ndio unaokusikia?"

Wote wawili walisema kweli. Hilo ndilo lililomtatiza Mwanasha. Aliwapenda wale waliokanyagana kule, kelele zao, utani wao, vikohozi vyao. Aliwaheshimu wale waliosimama huku bila viatu. Lakini mtoto alikuwa mmoja, na pumzi yake moja, na jua lilikuwa limegusa maji.

Mwanasha akafungua pindo. Akakitoa kitovu, kikavu, chepesi, akakifumbata. Akapiga hatua.

Nawaona mnainua shingo mjue aliendea upande gani. Sitawaambia. Yeye alikuwa na mto chini ya miguu na jua linazama. Nyinyi mmekaa, mmeshiba, mna wakati. Basi amueni nyinyi, na muwe tayari kumtazama mama yule usoni baada ya kuamua. Kuna mji uliomleta mtoto duniani kisha ukamnyima pumzi kwa kumpenda, na kuna mji uliosikia anakata roho ukaheshimu ukuta, kisha ukamrudishia pumzi kwa kunyamaza. Je, ni upi uliostahili kukizika kitovu chake?