Mkono Huuliza, Ufunguo Hauulizi

Mkono huuliza, ufunguo hauulizi. Mmeisikia leo kwa yule muuza mbao, mkacheka, mkataka kujua ufunguo ulipata lini mdomo wa kuuliza. Chekeni tu, maana hata watu wazima wengi huitumia bila kujua ilikotoka. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilizaliwa juzi juzi tu, katika kijiji kimoja cha milimani kule Rungwe, na ilianza na mkanda wa injini.

Alikuwapo mama mmoja, Tupokigwe, fundi cherehani. Kwa miaka thelathini alishona sare za kwaya, magauni ya kipaimara na suruali za wazee wasiopenda kupimwa, mpaka mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili. Kwanza rangi za nyuzi zilianza kumchanganya, kisha tundu la sindano likapotea, kisha sindano yenyewe. Ulipofika mwaka wa pili, alichokiona kilikuwa ukungu wenye vivuli. Cherehani aliifunika kwa kitenge. Hakuwa mtu wa kulialia, lakini kila alipopita karibu nayo aliipapasa, kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Ndipo zikaja habari kwamba madaktari wa macho wangekuwa Mbeya mjini kwa wiki moja, wakifanya upasuaji. Tupokigwe akaandikishwa, akapewa siku yake: Ijumaa, saa mbili asubuhi. Asiyetokea siku yake, jina lake lingesogezwa mpaka mwaka ujao. Basi la kijijini lilipita Jumatano tu, siku ya gulio, na wangeweza kulipanda. Lakini mumewe, Ambilikile, alikuwa na kipanya chake, gari dogo la abiria, na mwenye gari kupanda basi alikuona ni aibu. Jumatano ikapita.

Huyo Ambilikile alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: aliyaamini mno macho yake. Jambo akishaliona likifanyika, alihesabu kwamba analijua. Alhamisi asubuhi alifungua injini kuikagua kwa ajili ya safari, akaona mkanda wa taimingi umechanika chanika. Mkanda huo ni wa mpira, una meno, nao huyafunga magurudumu ya injini pamoja ili kila kitu kiende kwa zamu yake. Ukikatika njiani, au ukifungwa vibaya, pistoni hupanda wakati valvu zimeshuka, chuma kikagonga chuma, na injini ikafa papo hapo. Mkanda mpya ulikuwamo ndani tangu Pasaka, ukimngoja fundi Syabumi, lakini Syabumi alikuwa msibani Kyela. Ambilikile akasema hakuna neno, alikwisha kusimama mara mbili karibu na Syabumi akimtazama akiifanya kazi hiyo. Mbele ya nyumba yake mwenyewe, akapiga jeki, akatoa tairi la mbele, akaanza.

Kwa haki yake, alianza vizuri. Aliyapanga magurudumu, akachukua chaki, akaweka alama nyeupe kwenye gurudumu la juu na la chini ili ajue namna ya kuyarudisha. Kisha akautoa mkanda wa zamani, akanawa mikono, akaingia ndani kunywa uji.

Tupokigwe alikuwa ameketi pale pale kando ya gari, kwenye kigoda, na tambara lenye mafuta ya taa, akisafisha boliti moja moja na kuziweka kwenye sinia. Ndivyo alivyozoea: katika nyumba yake kitu hakirudi mahali pake kikiwa kichafu, kiwe kijiko au kiwe chuma. Boliti zilipokwisha, akanyoosha mkono, akayakuta magurudumu yana grisi. Akayafuta nayo. Alama za chaki hakuziona, angeziona kwa macho gani? Alipokuwa akilifuta lile la juu, liliruka ghafla chini ya kitambaa, kidogo tu, kisha likatulia. Akadhani limekaa sawa, akaendelea na kazi.

Ambilikile aliporudi, akakuta magurudumu yanang'aa na hakuna chaki. Alinuna kwanza, akamwuliza nani kamtuma. Kisha akamwonea huruma, akasema alama zote anazo kichwani, asijali. Akayarudisha magurudumu kama alivyokumbuka, akavalisha mkanda mpya, akaukaza. Jua lilikuwa bado juu. Akafuta mikono, akachukua ufunguo wa gari.

Tupokigwe aliusikia ule ufunguo ukilia mkononi mwa mumewe. Tangu alipoulizwa nani kamtuma, lile gurudumu lililoruka halikumtoka akilini. Aliona haya kusema. Aliogopa kuonekana kwamba upofu wake sasa unaharibu hata kazi za wengine. Lakini aliiona pia Ijumaa ikimponyoka, na mwaka mzima mwingine wa ukungu.

"Baba Lusajo, ngoja," akasema. "Umezungusha kwa mkono?"

"Kwa mkono wa nini, na betri ipo?"

"Mimi nikibadilisha sindano, sikanyagi pedeli hapo hapo. Nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono kwanza, sindano ishuke na kupanda. Ikigusa chuma, mkono unahisi, narekebisha. Ukikanyaga pedeli, sindano imeshavunjika kabla hujajua."

"Mama Lusajo, hii ni injini."

"Najua ni injini. Gurudumu la juu liliruka mkononi mwangu nilipokuwa nalifuta. Nisamehe, nilipaswa kukwambia mapema."

Ambilikile alikuwa tayari amefungua mlango wa gari. Akataka kusema kwamba kuruka kidogo si kitu, lakini alipomtazama mkewe aliona hatanii. Akarudi, akaingiza spana kwenye boliti ya gurudumu la chini, akamshikisha mkewe mkononi. Akamwambia azungushe mwenyewe basi, aridhike.

Tupokigwe akavuta polepole. Injini ikaanza kuzunguka, nzito lakini tiifu. Akavuta tena. Spana ikagota.

Mumewe akasema ni pumzi tu ya injini, hewa inayobanwa ndani, akaze mkono. Tupokigwe akatikisa kichwa. "Pumzi ukiisukuma inakwenda kidogo kidogo. Hii haiendi. Hapa chuma kimekutana na chuma."

Ambilikile akaishika spana mwenyewe, akajaribu kwa upole, akaona kweli. Akakaa chini kwenye nyasi. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake, akautazama kama mtu aliyekuta nyoka ameviringika ndani ya kiatu alichokuwa anataka kuvaa. Kisha akautia mfukoni na kukiri kwamba hajui alama zilikuwa wapi.

Basi wakaulegeza mkanda, wakautoa. Tupokigwe akasogeza kigoda, akaanza kulipapasa gurudumu la juu ukingoni, taratibu, kama anavyotafuta pindo lililofumuka. Ukucha wake ukanasa kwenye mfuo mdogo. Akapapasa kwenye mwili wa injini, akakuta mfuo mwingine wa namna hiyo. Akamwuliza mumewe kama hiyo si mishono ya kukutanisha. Ambilikile akainama, akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alama za kiwandani zilikuwapo siku zote, za juu na za chini pia, naye macho yake mazima hayakuziona.

Wakakutanisha mfuo na mfuo, wakavalisha mkanda. Tupokigwe akazungusha kwa spana, mzunguko mmoja, wa pili. Hakuna kilichogota. Akamwambia mumewe sasa aende na ufunguo wake. Injini ikashika mara moja, ikanguruma vizuri, na Tupokigwe akajifunika uso kwa kanga akalia, maana mzigo aliokuwa nao kifuani ulikuwa umeshuka wote kwa pamoja.

Ijumaa saa mbili kasoro robo alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji siku ile ile, na kesho yake bandeji ikatolewa. Tupokigwe alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akamwambia kwamba amezeeka sana na shati lake limeshonwa vibaya. Ambilikile hakujali. Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, mbele ya wagonjwa wote.

Mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa amepewa lifti, akawasimulia wenzake kwamba Ambilikile ni fundi hodari, alifunga mkanda wa taimingi nyumbani kwake bila gereji. Watu wakamgeukia kumsifu. Ambilikile akakataa.

"Fundi ni huyu," akasema, akamwonyesha mkewe. "Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo. Ningeuzungusha, tusingekuwa hapa leo, naye asingelitukana shati langu. Mkono wake uliuliza. Ufunguo hauulizi."

Benchi zima likalibeba neno hilo, kila mtu akarudi nalo kwao. Fundi Syabumi aliporejea kutoka msibani na kusimuliwa, alishika kichwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuua injini ya mtu kwa haraka ya ufunguo. Leo mtamsikia mama akimwambia hivyo bintiye anayetaka kuolewa na mtu aliyemfahamu kwa wiki mbili tu, mtamsikia na muuza mbao akimwambia anayetaka kukata ubao kabla ya kupima. Basi nanyi mkiwa na jambo ambalo likishavunjika haliungiki, lisogezeni kwanza kidogo, msikilize kama linagota. Mkono huuliza, ufunguo hauulizi.