Kiboko na Tetekuwanga ya Bi Pimbi

Haya, mpo?
Tupo!
Nina hadithi mlangoni.
Ifungulie, iingie!

Basi alikuwapo Kiboko, mnene, mlafi, aliyejitwalia dimbwi la watu wote. Akija Swala kunywa, anafukuzwa. Akija Pundamilia, anafukuzwa. Akija Bi Pimbi, mnyama wa mawe asiyemzidi paka kwa ukubwa, anafukuzwa na kutukanwa juu. Wanawe wakawa wanalala na kiu, ndimi zimewakauka.

Mwaka huo Kiboko akaugua. Askari wa mwili wake, waliowekwa kumlinda, waligeuka wakaanza kumtafuna mishipa ya fahamu. Akawa anaburuta miguu, buru, buru, buru. Mganga Korongo akampa dawa ya kuwalaza wale askari, ya kunywa miaka na miaka. Akamwonya kwamba askari wakilala, hata kirusi kidogo huingia bila kubisha hodi. Akiona homa au kipele, aje siku hiyo hiyo.

Kiboko akapata nafuu, akarudi dimbwini, chubwi! Ya mganga akayasahau. Akasema kupimwa-pimwa ni kazi ya wanyonge, akaendelea kufukuza wenzake.

Bi Pimbi alikuwa ameyasikia maonyo yale kutoka kwenye jiwe lake. Akasaga udongo mwekundu, akawapaka wanawe madoa usoni, akashuka nao hadi ukingoni.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Tumekuja kukujulia hali. Wanangu wana tetekuwanga, lakini wewe una nguvu, haitakupata."

Kiboko akarudi nyuma. "Simameni hapo hapo."

"Tunywe kidogo, basi, tuondoke?"

"Kunyweni. Mimi natoka."

Akatoka mbio, puku, puku, puku, mpaka kwa Korongo, akilia kwamba ameambukizwa. Korongo akamkagua. Ubavuni palikuwa na mstari wa malengelenge, mkanda wa jeshi. Haukutoka kwa Pimbi. Virusi vya tetekuwanga yake mwenyewe ya utotoni vililala mishipani miaka yote, vikaamka askari walipolala. Korongo akamwambia kwamba angechelewa kidogo, wangemzika.

Kiboko akatibiwa, akapona. Akarudi mpole, akamshukuru Bi Pimbi kwa kumwokoa, akawaachia wote dimbwi. Bi Pimbi akazipokea shukrani bila kupepesa macho.

"Ujirani ni kuangaliana, mzee," alisema.

Funzo, watoto: msiseme uongo kamwe. Ila jirani akiwa mkubwa, mchoyo na mgonjwa, mdanganyeni mapema.

Yangu imekauka hapo. Anayetaka nyingine akachote kwake.