Vilemba Sita vya Fundi Semboja

"Kilemba cha fundi hakifungwi kwa njaa." Mmeisikia leo, wanangu, mama Zaina alipokwenda kumwombea binti yake nafasi kwa fundi cherehani, nanyi mmeniuliza ilitoka wapi. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwemdimu palikuwa na mhunzi aliyeitwa Semboja. Aliyetaka kujifunza kwake alijua masharti. Atatumika miaka mitatu bila ujira, chakula kitatoka kwao, na siku ya kuhitimu ataleta kilemba, kitambaa cheupe cha mikono minane, amfunge fundi kichwani mbele ya wahunzi wote. Asiye na kilemba hakupewa nyundo, na asiye na nyundo hakuwa mhunzi. Semboja mwenyewe alipita njia hiyo. Sandukuni alikuwa na vilemba sita vya wanagenzi wake waliohitimu, na hakukosa kuvaa kimoja kila wahunzi walipokutana.

Asubuhi moja, mvua za kupandia zikiwa zimeanza, akaingia kiwandani mwanamke asiyejulikana na mtu. Matope yalimfika magotini, na mkononi alikuwa na jembe lililovunjika.

"Hodi, fundi. Mimi Mwantumu, nimetembea siku mbili. Wenzangu wanapanda, nami jembe langu ndilo hili."

"Kaa upumzike, mama. Adhuhuri haitakukuta hapa."

Semboja akamwita Mbelwa, mwanagenzi wake wa mwaka wa tatu, ashike mvukuto wa kupulizia moto. Moto ukanguruma, chuma kikawa chekundu, nyundo ikaanza kazi. Baada ya muda pumzi za mvukuto zikawa zinachelewa.

"Vukuta, bwana. Unabembeleza mtoto hapo?"

Mbelwa akajikaza kidogo, kisha akaanguka ubavu. Moto ulififia, Semboja hakuangalia, akapiga chuma kilichokwisha kupoa. Jembe likapasuka katikati.

"Mvivu huyu," alisema kwa uchungu. "Mwezi wa pili sasa anasinzia kazini."

Mwantumu alikuwa amekwisha kupiga magoti, anamnywesha kijana maji. Aliushika mkono wake, ulikuwa mwembamba kama ufito.

"Fundi, huyu anakula wapi?"

"Kwao humletea. Ndiyo desturi yetu."

"Umepata kumwona akila?"

Semboja akaweka nyundo chini.

Mwantumu akauvuta mkoba wa Mbelwa, akitumaini kupata japo kipande cha muhogo. Alichotoa ni kitambaa cheupe, kisafi, vipande vifupi vifupi vilivyoungwa kwa sindano.

"Chakula chako kiko wapi?" Semboja aliuliza.

"Ndicho hicho, fundi," Mbelwa alisema, macho chini. "Muhogo wa nyumbani nauuza sokoni, nanunua kipande naunga. Imebaki mikono mitatu."

"Na hukusema?"

"Ungeniambia ufundi si wa watu kama sisi. Na mama anajinyima muhogo ule ili mimi nile. Ningemwambia nini?"

Mwantumu alikikunja kitambaa taratibu. "Fundi, mimi mgeni, unisamehe. Lakini hiki ulichotaka kukivaa kichwani kimetoka tumboni mwa mtoto wa mtu."

Semboja akaketi juu ya jiwe lake la kufulia chuma. Alikumbuka alivyokuwa akiokota makapi ya miwa nyuma ya kiwanda cha fundi wake, na miaka yote aliyojisifu kwamba njaa ndiyo iliyomfanya fundi. Vile vilemba sita, hakuwahi kuuliza hata kimoja kimetoka wapi.

"Kuanzia leo utakula kwangu," alisema, "wewe na watakaokufuata, mpaka mhitimu. Hiyo ni ahadi."

Akafua jembe jipya, na jua halijatua Mwantumu alikuwa njiani.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Ghala la Semboja likabaki vumbi. Hakumrudisha Mbelwa kwao. Alifungua sanduku, na vilemba vikaenda sokoni kimoja kimoja, vikarudi mahindi.

Siku ya kuhitimu wahunzi walijaa uani. Mzee Mhina, mkubwa wao, alimtazama Semboja, akacheka.

"Umekuja kichwa wazi kama mtu aliyetoka kuoga. Vilemba vyako viko wapi?"

"Vimeliwa."

Watu wakaangua kicheko. Mbelwa akatoa kitambaa chake. Semboja akakirudisha mikononi mwake. "Mpelekee mama yako, ajitande." Kisha akampa nyundo.

Kicheko kikakatika. Mzee Mhina akasema kwa upole, "Unajua, ndugu yangu, asiye na kilemba haketi kwenye mkeka wa mafundi."

"Najua."

Semboja akaokota viatu vyake pembeni ya mkeka aliokalia miaka ishirini, akaenda kuketi nyuma pamoja na wanagenzi, karibu na chungu cha ugali.

"Na kwa nini umefanya hivi?" Mhina aliuliza.

Semboja akammegea tonge mwanagenzi mpya aliyekuwa kando yake, ndipo akajibu.

"Kilemba cha fundi hakifungwi kwa njaa."