Kifuniko cha Babu Mrutu

Dawa ya kila siku haifai siku ya siku. Kumbe muuza dawa ndiye kawaambia, mlipomwomba vidonge vya antibiotiki kwa ajili ya mafua? Ala! Maneno hayo kayatoa nyumbani kwangu, wala hasemi! Methali hii ilianza hapahapa Usangi, mguuni mwa babu yenu Mrutu. Kaeni basi.

Babu yenu alifuga kuku mia mbili, na aliwapenda kupita kiasi. Kila asubuhi aliwatilia kifuniko kimoja cha chupa ya antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu, kwenye maji. Wagonjwa, wazima, wote wanywe. Ukimkanya, ananuna. Mbolea yao tuliimwaga kwenye bustani ya mchicha, miaka sita.

Wiki tatu kabla ya harusi ya mama yenu Nakiete, jembe likamkata babu yenu mguu palepale bustanini. Siku ya tatu mguu ulivimba kama boga. Vidonge, wapi! Sindano, wapi! Tukampeleka hospitali kubwa, nikasikia wauguzi wakitaja kuukata. Nililia, siwafichi. Mwenyewe aliuliza jambo moja tu: "Nani atacheza na binti yangu?"

Daktari, msichana aitwaye Mchomvu, alipima usaha, akaagiza na udongo wa bustani. Majibu yalipotoka akaja kitandani.

"Mzee, unafuga kuku?"

"Mia mbili!" Hata mgonjwa, majivuno yapo.

"Unawapa dawa?"

"Kila siku, mwanangu."

"Ni ya ukoo mmoja na tuliyokupa. Imeingia udongoni na mbolea. Vijidudu dhaifu vilikufa, sugu vikabaki vikazaana. Sasa vimo kidondani, na haviiogopi."

Babu yenu akajipiga paji la uso. "Kumbe dawa ya kila siku haifai siku ya siku!"

Daktari akacheka. "Ipo nyingine ambayo havijaizoea. Tujaribu."

Mungu si Athumani! Siku ya nne uvimbe ukapungua. Harusini alicheza na fimbo yake mkononi, akamzungusha Nakiete mpaka wapiga matarumbeta wakaomba maji. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Kifuniko kile nilikitupa chooni mwenyewe. Banda tunalisafisha, kuku akiugua tunamwita bwana mifugo, na wanene wale mnawaona.

Haya, wewe mwenye mafua, tangawizi iko jikoni. Unywe, ulale. Vidonge viache kwanza. Dawa ya kila siku haifai siku ya siku.