Kondoo wa Jasho la Kwanza

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuongea na sungura, bali zamani hii ambayo watu walikuwa na friji na friji zikawa zinaharibika, paliondokea binti mmoja katika milima ya Upare, jina lake Nanzia. Alikaa na mama yake mjane, Namsifu, na kaka yake, Kiondo. Mjomba wao, Eliamini, alikuwa na nyumba yake, lakini chakula alikula kwao, na maneno aliyamwaga kwao pia.

Nanzia na Kiondo walichaguliwa wote wawili kujiunga na chuo cha ufundi kule bondeni. Pesa za ada zingemtosha mmoja, tena kwa kujibana. Mama akauza ng'ombe wake wa maziwa. Kiondo akasema, "Aende Nanzia, mimi nitabaki na shamba la tangawizi." Mjomba hakutoa senti. Yeye alileta mahindi, akayapanga barazani mafungu mawili. Fungu la gharama: ada, nauli, sare, bisibisi, na maziwa ambayo hayatanywewa tena. Fungu la mshahara: hindi moja, nalo limegugunwa na panya.

"Cheti hakiliwi na ugali," akasema. "Mnanunua hasara kwa bei ya jumla."

Nanzia akaenda, akaanza kusomea ufundi wa friji. Muhula wa pili masomo yakamshinda, akarudi na begi lake. Mama akalia, asisikie. Kiondo akambembeleza, asisikie. Mjomba akatoka, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Karibu mwanangu. Jiwe la kusagia lilikuwa linakuulizia."

Nanzia hakuvua hata viatu. Hasira zikambeba hadi chuoni, na hakurudi tena mpaka alipomaliza.

Basi kazi yake ya kwanza ikawa kwenye bucha la Mzee Senzighe. Friji ya mzee ilivuja gesi, nyama ikaoza, na pesa zake zikaozea humo humo. Nanzia akaziba, akajaza gesi, friji ikanguruma. Mzee, kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, akamlipa dume la kondoo lenye mkia mnono.

Na desturi ya nyumba ya kina Nanzia ilikuwa hivi: jasho la kwanza, yaani malipo ya kazi ya kwanza, haligawanywi. Hukabidhiwa mtu mmoja, yule aliyekufikisha ulipofika, naye hujaza maji kinywani akakupulizia mikononi. Usipopuliziwa, kazi itakuponyoka. Nanzia alikwisha pata ajira kwenye kiwanda cha barafu Tanga, na lori la tangawizi lilikuwa lije kumchukua asubuhi ile ile ya kumkabidhi kondoo. Akasimama barazani na kamba ya kondoo mkononi, akiogopa kuliko siku ya mtihani.

"Mwanangu, mimi sina maneno mengi," mama akasema, kisha akayasema mengi. "Tangu baba yako aondoke, nilikuwa naamka kwa ajili ya ng'ombe yule. Tangu ng'ombe aondoke, nakunywa chai ya rangi. Nani alistahili kama si mimi?"

"Mama, ng'ombe hununuliwa mwingine," Kiondo akasema. "Nafasi yangu ya chuo inauzwa mnada gani? Na mchumba wangu Nakijwa ameolewa. Ameolewa na nani? Na fundi wa chuo kile kile. Nani alistahili kama si mimi?"

Mjomba akakohoa. "Ng'ombe alikupeleka, kaka yako akakupisha, na bado ukarudi. Kilichokurudisha chuoni ni kicheko changu. Ningekuhurumia, ungekuwa unasaga hadi leo. Nani alistahili kama si mimi?"

"Lakini mjomba, ulikuwa unanicheka kweli."

"Kweli kabisa. Cha uongo kisingekufikisha popote."

Wakakubaliana yahesabiwe tena mahindi ya mjomba, lile la panya likiwemo: kila mtu aweke fungu la alichopoteza, na mwenye fungu kubwa apewe kondoo. Mama akaweka fungu la ng'ombe wake. Kiondo akataka gunia zima kwa ajili ya Nakijwa.

"Nakijwa ni mahindi mawili," mama akasema. "Uvivu wake naujua."

Mjomba naye akamwaga fungu la kicheko chake, akauliza kicheko kinapimwa kwa debe au kwa kibaba. Wakabishana, wakabishana, Nanzia akiwaamua, na kamba ikamtoka mkononi. Walipogeuka, kondoo alikwisha mla ng'ombe, amemla Nakijwa, na sasa alikuwa anamalizia kicheko. Gharama zote zikaisha. Likabaki lile hindi moja la panya.

"Nilisema mimi hesabu hii haitoki," mjomba akasema.

Nanzia akacheka, kisha machozi yakamtoka. Aliwapenda wote watatu, hata yule wa tatu. Aliona kwamba akimpa mmoja, atakuwa amewaambia wawili kwamba walichopoteza kilikuwa si kitu.

Lori likapiga honi. Hapo mama akawahi mtungi, akajaza maji kinywani. Kiondo akajaza. Mjomba akajaza kuliko wote. Wakasimama mstari mmoja, mashavu yamevimba, hakuna awezaye kusema neno tena, macho yote kwenye kamba ya Nanzia.

Kamba ni moja, na dereva hangoji. Wale watatu hawawezi kujibu. Ninyi mnaonisikiliza, vinywa vyenu havina maji: je, nani alistahili?